Vifuniko vya Wageni

Stanislas alikuwa mkuu wa zamu katika kiwanda cha misumari, chini ya mtaa wa Kadutu, na ufunguo wa kabati aliuvaa shingoni pamoja na rozari. Kabatini mlijaa vifuniko vya masikio, vipya, vya kumtosha kila mfanyakazi. Vilitolewa pale tu wakaguzi walipokuja. Watu walivivaa, wageni wakapiga picha, lango likafungwa, navyo vikarudi kabatini. Viliitwa “vya wageni”, kama sahani nzuri zinazomngoja padri, na hakuna aliyeona ajabu.

Aliyesimama karibu zaidi na mashine ya kukata waya, yenye kelele kuliko zote, alikuwa Adélaïde, mwanzishaji wa nyimbo katika kwaya ya parokia, ambamo Stanislas naye aliimba besi. Zamani Adélaïde alifika kazini akichekesha watu. Siku hizi alifika kimya, akawaka kwa jambo dogo, na kazi aliyoipenda akaichukia. Mwishowe akamwendea Stanislas.

“Chef, masikio yangu inalia hata mu usiku. Unipe ile ya wageni.”

“Maman Adélaïde, directeur alikataza. Utazobelea tu hiyo makelele, kama wengine walizoea.”

Uongo mtupu. Mkurugenzi hakuwa amekataza lolote. Stanislas aliogopa tu kimoja kisije kikapotea, akaulizwa yeye.

Jumapili ya Matawi, Adélaïde alianzisha Hosana. Kinanda kilikwenda huku, yeye kule, na hakutambua. Aliimba akitabasamu mpaka mwalimu wa kwaya akamshika bega. Vijana wa mbele walicheka. Akaketi, akainamia kitabu cha nyimbo. Nyuma yake Stanislas aliushika ufunguo shingoni. Alijiona mwizi, tena mwizi mwoga. Majuto ni mjukuu, na wake alikuja mbio.

Kesho yake alifungua kabati kabla ya king'ora, akagawa vifuniko vyote. Maneno ya kuomba msamaha alikuwa ameyaandaa njia nzima. Adélaïde alipokea chake, akakitundika shingoni, akanyoosha kitenge, akasimama kwenye mstari kama walivyozoea, uso umeelekea langoni.

“Chef,” aliuliza kwa sauti kubwa, “leo wageni wanatoka wapi?”

“Hakuna mugeni, maman. Hii ni yako. Unisamehe.”

Adélaïde hakugeuka. Aliendelea kutazama lango, akingoja jibu. Na mashine zilikuwa bado hazijawashwa.