Sentensi Kumi na Nne za Bi Matamshi

Walimwita Bi Matamshi kwa sababu mwanafunzi akiteleza ulimi hakumwachia hata pumzi moja kabla ya kumsahihisha. Kwa miaka ishirini na sita alifundisha lugha ya taifa la mbali alikosomea ujanani, katika chumba kilicho juu ya duka la vioo. Wanafunzi wakizidi sana, sita. Majirani walisema anampigia mbuzi gitaa.

Kisha taifa lile likainuka. Viwanda vyake vikajaza maduka ya dunia, manowari zake zikaongezeka, na muungano wa kijeshi ambao nchi ya Bi Matamshi ilikuwa mwanachama wake ukaingiwa na kiwewe. Baadhi ya wanachama walitaka mazungumzo, wengine walitaka meli ziende zikaonekane. Vikao vikavunjika kimoja baada ya kingine. Walichokubaliana ni kimoja tu: askari wajifunze lugha.

Meja mmoja mpole akamletea karatasi yenye sentensi kumi na nne. Simama. Tupa silaha. Piga magoti. Mko wangapi?

"Salamu ziko wapi?" aliuliza.

"Muda hautoshi, Mwalimu. Tuna miezi miwili."

"Na majibu je? Mtu akiulizwa si atajibu?"

Meja akakuna kidevu. "Majibu hayamo kwenye mafunzo."

Angekataa, lakini katika orodha ya askari aliona jina la binti wa marehemu mdogo wake, aliyemlea tangu ananyonya chupa. Angejitoa, wangemtafuta mbabaishaji. Akafundisha.

Siku moja akaitwa mbele ya wakubwa wa muungano awaeleze watu wale wakoje. Akasema wanapenda mzaha, wanawaogopa wakwe zao, na wakifiwa hulia kama sisi.

"Sasa tuwafanyeje?" mmoja akauliza.

"Waulizeni wanataka nini. Mimi nitawatafsiria bure."

Wakacheka kwa adabu. Kalamu ya karani haikugusa karatasi.

Somo la mwisho lilipokwisha, binti yake alibaki nyuma, kofia mkononi.

"Mama mkubwa, nifundishe moja ambayo haimo."

"Ipi, mwanangu?"

"Nimeumia, usinipige risasi."

Bi Matamshi aliiandika ubaoni. Binti akaisema mara tatu, mara ya tatu vizuri kabisa. Mwalimu akashika kifutio, mkono ukagoma kufuta. Alitamani kusema usiende. Lakini askari aliyeamriwa kwenda hukatazwa na nani? Akamfunga kifungo cha kola, basi.

Alhamisi walisafirishwa. Muungano ulikuwa bado unajadili.

Wiki tatu baadaye Meja akarudi na karatasi ndefu zaidi.

"Mwanangu hajambo?"

"Hajambo, Mwalimu."

"Wako wapi?"

"Hilo siruhusiwi kusema."

Akaipokea karatasi ile kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea barua ya msiba. Wanafunzi wapya walikuwa arobaini. Viti havikutosha, wengine wakasimama ukutani, wakimngoja aanze.