Mpiga Pasi na Kundi la Wanepali

Dilli anapiga pasi kwa dobi mmoja Khuwair ya Kusini, hapa Maskati. Mie kazi yangu kutembea, na nikipita hapo hukaa kungoja kanzu yangu. Kila nikikaa namwona anaandika kwenye simu, kisha anaifunika kwa kitambaa. Nikasema moyoni, huyu ana jambo.

Siku moja nikamkabili. "Dilli, mwanangu, unauza nini humo?"

"Siuzi, baba. Kundi tu."

Kumbe ndiye anayeendesha kundi la Wanepali wa Maskati mtandaoni. Aliyezuiliwa pasipoti, anayemtafuta jamaa yake hospitali, wote humo, na Dilli hujibu. Jina lake halimo, wala sura yake. Pana picha ya mlima tu.

"Mbona unajificha?"

"Wakinijua watanisifu, baba. Kisha watagombana nani rafiki yangu. Mie sitaki."

Sikumwamini sana, nakwambia kweli. Mtu mwema anajificha nini?

Wala si mie peke yangu. Sarmila, Mnepali mwenzake, mtumishi wa nyumba mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, aliahidiwa na wakala kazi ya Ulaya. Dilli akamwonya kupitia kundi kuwa wakala yule huwatupa watu njiani. Sarmila akamjibu: "Na wewe nani? Pengine ni wakala pia, unanivutia kwako." Jumamosi anaondoka, akasema. Lakini Ijumaa ni sikukuu yao, dada humpaka kaka yake rangi kwenye paji la uso. Kama mwenye kundi ni ndugu kweli, akaandika Sarmila, aje apakwe. Dada akishakupaka, humdanganyi.

Dilli akanishika mkono. "Twende wote, baba. Kijana peke yake mlangoni kwa watu, watasema nini?"

Ijumaa tukafika. Mwenye nyumba, Bi Nasriya, akatutazama toka kofia mpaka makubadhi.

"Ami, huyu nani?"

"Ndugu yake Sarmila."

"Sarmila hana ndugu hapa. Kaniambia mwenyewe!"

"Leo kapata."

"Mh! Ndugu wa kuokotwa! Basi hapo hapo barazani, mlango wazi, na mie naangalia."

Sarmila naye hakucheka. Akamwambia Dilli aandike kitu kwenye kundi. Akaandika, simu ya Sarmila ikalia, na ile picha ya mlima ikatokea. Bado akamtazama kama anayechagua samaki. Kisha, kwa ada yao, akavunja kokwa la jozi kizingitini, akamzungushia duara la mafuta, akampaka rangi saba, mstari toka kwenye nywele mpaka baina ya nyusi.

Alipomaliza akamwambia kwa Kinepali, na baadaye Dilli akanifasiria: "Sasa niambie tena."

"Usiende, dada."

Bi Nasriya, haelewi neno, akasogea hatua. Mara Sarmila akachukua simu, akampigia wakala palepale na kumwambia haji. Akamuuliza Dilli, je, jina lake alitaje kwa wenzao wa kundini? Dilli akatikisa kichwa.

Njiani nikampa leso. "Jifute, watakuuliza."

"Hii haifutwi leo, baba."

Dukani wenzake wakaacha pasi hewani.

"Khe! Dilli! Nani kakupaka? Wewe huna dada Maskati!"

"Kapata mwanamke huyo! Ndiyo maana simu haitoki mkononi!"

Tajiri wao, mwenye duka, akamkata jicho. Neno moja tu lingemtosha kujitetea. Nikamtazama, nikangoja alitoe.

"Fikirini mtakavyo," akasema, akachukua shingo ya kanzu yangu, akaitia maji.

Mpaka leo wanamshuku. Simu ikilia, duka zima linapiga mbinja.