Siku Baba Alipokuwa Mgeni Rasmi

Mimi, rafiki yangu, ni mtu wa nyumbani. Safari zangu ndefu ni za kutoka chumbani hadi barazani, na nikifika barazani napumzika. Kwa hiyo hata kumbukumbu hazinikuti njiani. Hunifuata hapa hapa mtaani kwangu, Rusimbi. Ya juzi imeletwa na mpwa wangu, aliyerudi kutoka shuleni na riwaya ya kejeli kuhusu wanasiasa na serikali yao, ile ile tuliyoisoma sisi kidato cha tatu. Akaifunga katikati, akasema, "Anko, mbona haichekeshi? Si taarifa ya habari tu hii?"

Nikajifanya natafuta kandambili.

Haichekeshi! Sisi ilituvunja mbavu, na mimi ikanivunja uso kabisa.

Tulikuwa tunakaa Ujiji, nyumba iliyonukia mawese mwaka mzima kwa sababu bibi aliyachemsha uani. Kabla ya shule tulishuka ziwani kuchota maji. Tulirudi na ndoo kichwani, mchanga umejaa viatuni, tukilipita bomba la mtaa lililosimama kavu kama samaki mgebuka wa kuanikwa. Bomba hilo alilizindua baba, mwenyekiti wa mtaa. Siku ya uzinduzi maji yalitoka, tena kwa nidhamu, yakakatika wageni walipopanda magari yao. Akija mkubwa mwingine, lilizinduliwa upya: gari la maji linajaza tangi alfajiri, na utepe ule ule mwekundu mama anaupiga pasi ya mkaa.

Sasa kwenye riwaya kulikuwa na Mheshimiwa aliyezindua zahanati isiyo na hata kidonge, na ambaye kila swali alilijibu, "Mchakato unaendelea." Mwalimu wa Kiswahili aliposoma maneno hayo, darasa zima lilicheka, kisha likageuka kunitazama mimi. Maana baba ndivyo alivyosema. Ukimwomba viatu vya shule, mchakato unaendelea. Hata chumvi aliiomba kwa niaba ya wananchi waliopo mezani.

Ikaja siku ya wazazi. Mwalimu akataka tuigize kipande cha riwaya ile, na Mheshimiwa nikapewa mimi. "Wewe mazoezi unayapata nyumbani," alisema. Hilo ningelivumilia. Lakini kwetu shughuli bila mgeni rasmi ni ugali bila mboga, na mkuu wa shule, ambaye riwaya hakuisoma, akamwalika mwenyekiti wa mtaa.

Baba alifurahi mno. "Nasikia ni mchezo wa viongozi. Safi sana. Viongozi tunasahaulika." Akaniazima na koti lake la mikutano.

 Nikaapa nitaongea kwa sauti ndogo, isiyo ya mtu yeyote, ili watu wasimwone baba ndani yangu. Siku ilipofika nikasimama mbele ya wazazi nikaanza kunong'ona. Bibi, aliyekaa mkekani na wanawake wenzake, hakuvumilia.

"Mume wangu!" akaita, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Mbona unaongea kama kuku aliyenyeshewa? Nani atakuchagua?"

Watu wakacheka. Nami kwa kiwewe nikakohoa. Haki ya Mungu sikukusudia, lakini kilitoka kikohozi cha baba chenyewe, kile cha kufungulia hotuba, chenye mkia mrefu. Uwanja ukalipuka.

Aliyecheka kuliko wote ni baba. Alijipiga mapaja, akamwinamia mkuu wa shule. "Kiongozi wa wapi huyu? Anatutia aibu!"

Kisha akakaribishwa kuongea. Akasimama. Akakohoa. Watu wakaangua kicheko. "Kwa niaba ya serikali yetu sikivu..." Wakashikana mabega. Baba akadhani wanampenda, akapandisha sauti. Ndipo jirani yetu, mama muuza dagaa, alipouliza kutoka nyuma, "Mzee, na bomba letu je?"

"Mchakato unaen..."

Neno likamkwama. Akanigeukia, macho yake yakaanzia kwenye koti, yakaishia usoni. Mgeni rasmi akakaa kitako bila kuaga wala kushukuru. Natamani ningekwambia nilimhurumia; nilichofanya ni kutazama vidole vyangu vya miguu, nikiomba mtu yeyote duniani awe baba yangu isipokuwa yule.

Tulirudi nyumbani, bibi katikati yetu. Mlangoni baba akauliza, "Kile kikohozi kimo kitabuni?"

"Hakimo, baba."

"Haya," akasema, akaingia ndani. Afadhali angenichapa.

Kwenye mkutano wa mtaa uliofuata hakukohoa. Alisimama akasema, "Bomba halina maji. Sijui yatatoka lini. Nilizindua kisichokuwepo, mnisamehe." Basi. Ikasikika injini ya mtumbwi huko ziwani. Watu hawakujua kama maneno ya namna ile hupigiwa makofi, wakaondoka mmoja mmoja, mama muuza dagaa akisema, "Pole, mzee." Mimi nilikuwa nyuma kabisa, nimejificha kwenye kanga ya bibi, mashavu yakiniwaka. Niliona ametuaibisha kwa mara ya pili.

Uchaguzi uliofuata wakamchagua mwingine, aliyeahidi mabomba mawili na mwenye kikohozi kizuri zaidi.

Baba alishatangulia mbele ya haki. Bomba lenyewe wameling'oa, palipokuwa na tangi pana kibanda cha chipsi. Tangu hapo nimesikiliza hotuba nyingi redioni, na kila mara hungoja mmoja tu ashindwe kumalizia sentensi kwa kuona haya. Wote humalizia. Wengine huongeza na methali.

Ule mkutano ukiitishwa leo, ningewahi kiti cha mbele. Na kimya kile kikishuka, ningepiga makofi, hata kama ni peke yangu.