Mlango wa Chumba cha Mwalimu

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa kampuni moja ya ujenzi mjini Migori alinipeleka katika nyumba kuukuu, akanionyesha mlango wa ndani uliooza chini na kuniambia niung'oe bila kubomoa plasta. Nilishika nyundo. Akaninyang'anya.

"Anza na urembo," alisema, akimaanisha zile mbao nyembamba zinazofunika mwanya kati ya fremu na ukuta. "Ukizitoa polepole, utaona misumari iko wapi."

Watu hudhani kubadilisha mlango ni kutoa mmoja na kuweka mwingine. Nyumba ya zamani huwa imelalia upande, na mlango mpya ukipachikwa hivyo hivyo hujifungua wenyewe. Kwa hiyo tulinyoosha fremu kwa timazi, yaani uzi wenye kitu kizito mwishoni, tukaikaza kwa kabari, ndipo tukachonga nafasi za bawaba kwa patasi.

Baadaye nilihamishiwa Homa Bay. Mke wangu alibaki nyumbani kwetu Uriri na shamba na watoto, nami nikapanga chumba karibu na soko. Nilirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Miezi mingine sikurudi. Jioni nilikula peke yangu, nikalala mapema kwa kukosa wa kuongea naye.

Huko nilitumwa kwa mwalimu mstaafu aliyeishi peke yake. Mwanawe aliyekuwa Nairobi alitaka milango yote ya ndani ibadilishwe. Mzee alinizungusha vyumbani, lakini tulipofika mlango wa mwisho akasema, "Huo wachana nao."

Kilikuwa chumba chake na marehemu mkewe. Tangu mazishi hakuwa amekifungua. Alilala kwenye kochi sebuleni.

Nilimweleza Msimamizi wa Kazi. "Tumeambiwa milango yote," alijibu. "Nikikuja Ijumaa nataka kuuona umekaa."

Nilibadilisha mingine kwanza, nikivuta siku. Mwalimu alizoea kuleta kiti na kuketi karibu nikipiga randa. Mchana tulikula ugali na omena, dagaa wa ziwani, pamoja. Hakuwa na maneno mengi, na mimi pia sikuwa nayo.

Ijumaa ikafika. "Jaduong'," nilimwita kwa heshima ya kwetu, "umebaki huo tu."

Alisogeza kiti chake nyuma. "Fungua basi. Lakini uingie wewe kwanza."

Mlango ulikuwa umevimba kwa unyevu wa ziwa, ukashikana na fremu. Nikatoa urembo, nikapitisha msumeno wa chuma nyuma ya fremu kukata misumari, nikatoa mlango na fremu pamoja. Ndani, kitanda kilikuwa kimetandikwa, leso ya mkewe ikining'inia ukutani, na vumbi kila mahali.

"Ni chumba tu, Jaduong'," nilimwambia.

Aliingia, akaketi upande mmoja wa kitanda, akalia bila sauti. Niligeuka nitoke.

"Kaa," alisema. Nikakaa sakafuni.

Msimamizi alitukuta hivyo. "Mlango uko wapi?" aliniuliza kwa ukali.

"Mwache, kijana wangu," Mwalimu alimjibu. "Ataweka kesho. Leo nataka pakae wazi."

Msimamizi alivua kofia, akaondoka.

Kesho yake nilipokuja kuuweka, nilikuta shuka zimevurugika. Alikuwa amelala humo.

Wiki iliyofuata kampuni ilinipeleka kisiwani Mfangano. Nilipoenda kumuaga, Mwalimu alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Sasa nitakula na nani?" aliuliza. Sikumwona tena.

Sasa nimestaafu, niko Uriri. Ninyi vijana mnaoingia katika kazi hii mna mashine za kuranda na milango inayokuja tayari na fremu zake, na sina wivu. Nawaombea tu mpate kazi karibu na watu wenu. Mimi nilipachika milango ya wenzangu nchi nzima ya ziwa huku watu wangu wakizoea kuishi bila mimi.

Juma nililorudi, nilitoka jioni kufunga ng'ombe. Niliporejea, mke wangu alikuwa ameshatia komeo, kama alivyofanya miaka yote. Nikabisha.

"Nani?" aliuliza kutoka ndani, kwa sauti ya mtu asiyetarajia mgeni.

"Ni mimi," nilijibu. Komeo halikusogea. Nikaongeza jina langu.