Maua ya Jogoo Nyuma ya Jikoni

Shangazi yangu husema sijawahi kupanda kitu nikakingoja. Kwa maneno yake, hata nikipanda maharagwe ningetaka yachipuke nikiwa bado nimeshika jembe. Sibishani naye. Shule niliiacha mapema kwa sababu siku moja niliona lori limebeba mashua, nikataka kujua mashua inakwenda wapi kwenye barabara kavu. Mpaka leo sijajua, lakini kwa kuifuata nilifika Malaba, na tangu hapo nimekuwa utingo wa malori, msukuma mkokoteni mpakani Busia, mziba pancha Amagoro na muuza miwa Nambale. Nikichoka na kazi nahama. Nikichoka kuhama narudi kwa shangazi, karibu na Amukura, ambako hakuna anayeniuliza nimeleta nini kabla sijala.

Mara hii nilimkuta ameketi nje kwenye kigoda, magoti yamefungwa vitambaa, mkebe wa zamani wa kakao mapajani.

"Umefika," alisema. "Mungu naye ana mzaha. Nilimwomba mtu wa kunisaidia, akanitumia wewe."

Msaada wenyewe ulikuwa wa maua. Tangu alipoolewa, shangazi ndiye aliyepamba altare ya kanisa letu, kwa maua aliyoyapanda mwenyewe kutoka kwa mbegu. Mwaka uliotangulia, mvua ya mawe iliyapiga yote wiki ile ile ya sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia, akaenda kanisani na matawi ya majani matupu. Padri alisema yanapendeza. Watu wengine walisema altare inafanana na kibanda cha ndizi. Ndipo mwenyekiti wa akina mama, mwanamke mchangamfu mwenye duka la beseni na sahani za plastiki mjini Busia, alipopendekeza maua ya plastiki. Hayanyauki, alieleza kikaoni, hayanywi maji, na yakishika vumbi unayaosha pamoja na vikombe. Hakusema kwa dharau. Alisema kwa adabu kubwa, na adabu hiyo ndiyo iliyouma: "Tunataka kukupumzisha, mama."

Shangazi alilielewa vizuri neno hilo. Alikuwa ameona wengi wakipumzishwa. Wanaanza kukupokonya kazi ndogo, halafu wanakuletea kiti, halafu siku moja hakuna anayegundua kwamba hukuja. Padri, ambaye anapenda amani ya akina mama kuliko chakula, aliamua kwamba wangoje sikukuu ya mwaka huu. Mama akileta maua ya kutosha, kazi ibaki yake. Yasipotosha, plastiki ingie.

Kwa hiyo mkebe ulifunguliwa. Ndani mlikuwa na vifundo vidogo vya kitambaa, kila kifundo na rangi yake, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa kitu. Niliuliza anajuaje kipi ni kipi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa anajuaje watoto wake. Kila mwaka alikata kipande cha nguo iliyomchakaa mwaka huo, akafungia mbegu za ua lililofanya vizuri zaidi. Zinia zilikuwa kwenye kitambaa cha pazia. Kosmosi zilikuwa kwenye shati la marehemu mume wake. Na kwenye kipande cha gomesi, gauni lake la sherehe la rangi ya zambarau, zilikuwa mbegu za ua la jogoo, lile lenye kichwa chekundu kilichojikunja kama kilemba cha jogoo, laini kama mahameli. Hilo ndilo lililokuwa fahari yake. Zamani, alisema, alikuwa akiweka kilemba kimoja tu katikati ya altare, kikubwa kama kichwa cha mtoto, na watu wa nyuma kabisa walikiona.

Nilifungua pia kifundo cha mbegu nene, nyeusi, zenye mikunjo. Hizo zilikuwa za maua ya jioni, yale yanayofunguka saa kumi alasiri na kujifunga asubuhi jua likiwaka. Nilitaka kuzipanda nyingi, maana zilionekana kuwa na nguvu.

"Misa ni asubuhi," shangazi alinikumbusha. "Hayo ni ndugu zako. Mpaka yaamke, watu wameshakula wameosha vyombo."

Kwa wiki kadhaa nilikuwa mikono yake na yeye akawa mdomo. Mbegu za ua la jogoo ni ndogo sana, nyeusi zenye kung'aa; ukipiga chafya umepoteza kanisa zima. Alinifundisha kuzichanganya na mchanga mkavu ili zisianguke rundo, kuzinyunyiza kwa vidole kama mtu anayetia chumvi, kisha kuzifunika kwa majani ya nyasi na kumwagilia kwa kuchovya tawi ndani ya ndoo. Nilizungushia kitalu chandarua kilichotoboka, kwa sababu ya kuku. Kila asubuhi nilikuwa nachungulia chini ya nyasi. Nilitaka kujua mbegu inajuaje upande wa juu. Shangazi alisema mbegu inajua kwa sababu haichunguliwi, akanikataza kufunua.

Miche ilipotoka, tulihitaji mahali pa kuihamishia. Zinia na kosmosi nilizipanga mbele ya nyumba. Ya jogoo shangazi aliitakia udongo bora kuliko wote, na udongo bora kuliko wote katika boma lile uko nyuma ya jikoni, pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo na majivu ya kuni. Kila mwenye boma anajua ni nini kingine kinachopenda mahali hapo: mchicha, ambao sisi huku tunauita dodo. Hujiotea wenyewe, bila kupandwa na mtu. Niling'oa ule uliokuwapo, nikapanda ua la jogoo mahali pake. Mche mchanga wa ua la jogoo una jani la dodo, shina la dodo, na hata wekundu kidogo wa ile dodo nyekundu. Niliuona mfanano huo, nikaustaajabia sana, nikamweleza shangazi kwa urefu kwamba huenda ni mtu na binamu yake. Wazo la kuweka kijiti cha onyo halikunijia mimi wala yeye.

Siku ambayo mambo yaliharibika, shangazi alikuwa amekwenda kwa boda boda kupimwa magoti, nami nilikuwa Malaba. Nilikuwa nimesikia kwamba kuna dereva aliyebeba mizinga ya nyuki ndani ya lori, na nisingeweza kulala bila kujua nyuki wanavukaje mpaka. Tulirudi alasiri. Mlangoni tulikuta pakiti ya sukari imewekwa vizuri juu ya kigoda. Nyuma ya jikoni tukakuta miche ya jogoo yote haina vichwa.

Shangazi alishika ukuta. Mimi nilipiga magoti nikaanza kuchunguza. Mbuzi anararua na kuacha uzi uzi. Mabua haya yalikuwa yamevunjwa kwa ukucha wa dole gumba, juu ya jani la tatu au la nne, kila moja sawa na jirani yake. Hakuna hata mche mmoja uliong'olewa. Nilimwambia shangazi kwamba kwa maoni yangu huyu hakuwa mbuzi.

"Ungeanza na sukari," alisema. "Mbuzi gani analeta sukari?"

Hapo ndipo tulipoelewa. Kwetu mboga iliyojiotea hainyimwi mtu. Mgeni akifika asikukute, anaacha alichokuletea, na akiona dodo changa nyuma ya jikoni anachuma ya kutosha sufuria yake, bila kuomba, maana kuomba kitu ambacho hukupanda ni kama kukutukana. Na mwanamke aliyelelewa vizuri hang'oi. Anavunja vichwa tu, ili shina lichipue tena na mwenyewe apate. Yeyote aliyekuja alikuwa ameyafanya yote hayo kama alivyofunzwa na mama yake. Hakuwa na kosa hata moja, ila tu kwamba hazikuwa mboga.

Jumapili, baada ya Misa, mwenyekiti alitujia mbio mbio, amechangamka, akamshika shangazi mikono yote miwili. Alisema alipita juzi kumjulia hali, hakumkuta. Aliona zinia zinaendelea vizuri, na kusema kweli alifurahi, asifikiriwe vibaya. Kisha akashukuru kwa mboga.

"Tuliipika na maziwa, mama. Watoto waligombania sufuria."

"Ilikuwa nyekundu nyekundu?"

"Nyekundu hivi, eh. Ilichelewa kuiva kidogo."

Shangazi alimpigapiga mkono. "Umekula altare, mwanangu," alisema.

Mwenyekiti alicheka kwanza, akidhani ni fumbo la wazee. Nikamweleza. Alifunika mdomo kwa kitenge, akageuka kutazama mlango wa kanisa, na nilijua anachofikiri. Yeye ndiye wa plastiki. Kijiji kizima kingesema aliyakata makusudi, kisha kikaongeza kwamba aliyapika ili kuficha ushahidi. Shangazi angeweza kutembea hatua chache tu, akamwambia padri, na ushindi ungekuwa wake siku hiyo hiyo. Nilimnong'oneza hivyo njiani. Aliniambia kwamba mtu anayeshinda kwa kuonewa huruma naye ameshapumzishwa.

Kuanzia siku hiyo mwenyekiti alikuwa akija jioni, akitoka dukani Busia, kumwagilia. Alikuja na viatu vyake vya dukani, akavivua, akapanga karibu na kuni, akabeba ndoo. Shangazi alimpokea vizuri na hakumsamehe utani hata siku moja. Alimuuliza kama amekula huko atokako, au azifungie zinia jikoni. Mwenyekiti naye akawa anajibu kwamba ameshiba, labda amwachie kosmosi za kesho asubuhi.

Mashina yalichipua. Kila bua lililovunjwa lilitoa matawi pembeni, na kila tawi likaanza kujikunja kichwa chake, kidogo, chekundu. Nilikuwa nayahesabu kwa furaha, lakini shangazi aliyatazama kwa uso wa mtu aliyeagiza ng'ombe akaletewa sungura. "Hivi si vilemba vya jogoo," alisema. "Hivi ni vya vifaranga."

Jumamosi kabla ya sikukuu tulikata kila kilichofunguka, tukabeba kwa ndoo mpaka kanisani. Mwenyekiti alitukuta huko na mfuko mkubwa mweusi. Hakusema una nini, nasi hatukuuliza. Mfuko wa nailoni ukiwa na maua ya plastiki unapiga kelele wenyewe. Aliuweka nyuma ya mlango wa sakristia.

Shangazi alisimama mbele ya altare muda mrefu. Pale katikati, mahali pa kile kilemba kimoja kikubwa, hakuwa na cha kuweka. Alijaribu kilemba kidogo kimoja, kikapotea. Nilidhani atakaa chini, na kusema kweli kiti kilikuwa karibu. Badala yake alimwita mwenyekiti amshikie mkono apande ngazi, akaanza kuvifunga vile vidogo pamoja, kimoja juu ya kingine, vikibanana kama kuku kwenye kikapu cha soko, mpaka katikati pakawa na fungu jekundu pana kuliko kilemba chochote alichowahi kunisimulia. Na ndoo ilikuwa bado imejaa. Alipamba miguu ya Bikira Maria. Alipamba mlangoni. Miaka yote hakuwa amewahi kufika mlangoni, kwa sababu shina moja lilikuwa likimpa kichwa kimoja.

Asubuhi, mahubiri yalipokuwa yamekolea, nyuki alitoka kwenye zinia akaenda kumzunguka padri. Padri alimpungia kwa adabu, kisha kwa adabu ndogo zaidi, halafu akafupisha neno la Mungu na kuketi. Nilisikia waumini wakishusha pumzi ya shukrani. Katika matangazo alisema kwamba suala la maua limekwisha, mama aendelee, na kwamba mwakani angependa yawekwe mbali kidogo na mimbari. Mwenyekiti ndiye aliyeanza kupiga makofi. Ule mfuko mweusi alirudi nao Busia bila kuufungua, na sina shaka aliuuza kwa faida.

Wiki kadhaa baadaye vilemba vilikauka, na shangazi akavipukutisha juu ya ungo. Nilikuwa bado nipo. Nilijiambia nangoja tu kuona mbegu, maana nilitaka kujua kama mmea uliovunjwa huzaa mbegu zinazokumbuka. Mwenyekiti alikuwa amekuja na samaki, akatukuta tukipepeta.

Shangazi alimtuma mkasi ndani ya nyumba. Alipouleta, akamwambia asogee, akashika pindo la kitenge chake na kukikagua.

"Hiki kimechakaa," alisema.

"Mama, nimekinunua mwezi uliopita."

"Kimechakaa," alirudia shangazi, akakata kipande. Akamimina mbegu ndani, akafunga kifundo, akakitia kwenye mkebe juu ya vile vingine. Kisha akamwambia kwamba msimu ujao aje mapema, miche ikifika kiganja, avunje vichwa vyote kama alivyovunja. Yeye hawezi kuinama tena, na mimi sina ukucha wa kuaminika.

"Lakini safari hii," aliongeza, "usije na sufuria."

Mwenyekiti alikuwa akitazama pindo la kitenge chake. Saa kumi ilikuwa imefika, na kando ya ukuta maua ya jioni, yale machache niliyoyapanda hata hivyo, yalikuwa yanaanza kufunguka. Shangazi aliyaona, akanitazama, akaniambia jamaa zangu wameamka. Niende nikawasalimie, nikirudi nilete kuni.