Mguu Ulioshika Twiga

Baba alichonga vinyago vya wanyama kule Wamunyu, Ukambani, na kama wachongaji wote wa pale alikaa chini, mti ameubana kwa nyayo zake, tezo mkononi. Tezo ni kishoka kidogo tu, ila usikifanyie mchezo. Kinashuka karibu kabisa na vidole, na kinachomlinda mchongaji si macho. Ni unyayo. Ndio unaosikia mti ukitikisika, ukajisogeza wenyewe. Kazi yangu ilikuwa kupiga msasa. Miaka ya tisini yote nilikaa mbele yake nikila vumbi la jakaranda, kwa hivyo najua ninachosema.

Ugonjwa wa sukari ulimpata kabla hatujautambua. Tuliona tu anamaliza mtungi wa maji peke yake, kisha miguu ikaanza kumwaka. "Ni kama nimekanyaga makaa," alisema. Kliniki wakampa vidonge vya sukari, akavimeza kwa muda, akaviacha. Havikuzima moto, na yeye alitaka moto uzimwe. Dawa aliyoiamini ni aspirini ya dukani. Alizitafuna kavukavu kama njugu, kabla ya chai na baada ya chakula.

"Baba watoto, hizo zitakutoboa tumbo," Mama alimwambia.

"Wacha zitoboe. Tumbo halishiki twiga."

Basi, ule moto ukaanza kupungua. Mwishowe ukaisha kabisa. "Si niliwaambia?" Baba akatamba kwenye kibanda cha kuchongea, akanunua nyama, akawaita wenzake waje kula. Mama akapeleka kuku kanisani kutoa shukrani. Nami nilishukuru kwa moyo wote. Kitu kimoja tu kilibadilika: akala, kile kiatu chake cha tairi, ilikuwa ikimvuka mguuni naye anaendelea kutembea, hana habari. Tulimtania, "Mzee, kiatu kimebaki huko nyuma!" Akageuka akacheka na sisi. Woi, tulivyocheka! Nikikumbuka kicheko hicho natamani kujipiga kofi.

Siku moja alikuwa akichonga twiga, nami nikisugua kifaru. Nikaona maranda chini yake yamekuwa mekundu. Nilidhani rangi imemwagika. Kisha nikaona tezo imepasua unyayo chini ya kidole gumba, na Baba bado anachonga, anaimba kwa pua.

"Baba, mguu!"

Aliuinua akautazama kama mguu wa jirani. Hakupiga kelele. Alikuwa amechonga tangu utotoni, alijua mguu usiolia ni mguu gani. Uso wake ulizeeka pale pale mbele yangu.

"Sijasikia," alisema. "Sijasikia kitu."

Damu ilikataa kukatika. Tulifunga leso, ikalowa, tukafunga nyingine. Hospitalini daktari alituambia aspirini nyingi hufanya damu isigande upesi. Kisha akachukua pini akaanza kumgusa kutoka kidoleni kwenda juu, Baba akitazama dari. "Unasikia?" "Bado." "Hapa?" "Bado." Alifika katikati ya muundi ndipo Baba akashtuka. Daktari akasema moto ule ulikuwa mishipa ya fahamu ikifa kutokana na sukari, na ulizimika kwa sababu hapakubaki kitu cha kuuma. Aspirini haikuponya chochote. Alisema kwa upole, lakini afadhali angetutukana. Kuku wetu tulimpeleka kanisani kushukuru mguu umekufa!

Kidonda kilioza. Wakaukata mguu chini ya goti.

Baba hakuchonga tena. Yule twiga alibaki bila shingo, na wateja walipouliza Mama aliwaambia fundi anaumwa, atapona. Nilimchukia kwa kusema hivyo. Sote tulijua hakuna kupona.

Alasiri moja, Baba akiwa amejilaza kwenye godoro sebuleni, aliniita.

"Lete aspirini."

"Za nini, Baba?"

"Mguu unawaka. Vidole vyote."

"Mguu gani?"

Alinyoosha kidole kwenye godoro, pale ambapo blanketi lilikuwa limelala bapa. Jasho lilimtoka, meno ameyauma, na machozi yakimshuka.

"Ule ule," akasema. "Sasa nausikia."

Nilimletea mbili. Alizitafuna kavukavu, kisha akajikunja, akaanza kusugua lile blanketi kwa mkono wake wa kuchongea, polepole, pale vidole vingekuwa.