Mwiko wa Isabel Threlfall

"Maprofesa wanawafundisha Kilatini. Mimi ndiye ninayewafundisha kutonyongwa!"

Isabel Threlfall alitamka hayo katikati ya soko la samaki la Douai, mikono kiunoni, na wala hakuwa amelewa.

Alikuwa mpishi wa chuo cha Waingereza pale mjini, enzi ambazo Mkatoliki wa Uingereza akitaka mwanawe asomee dini yake, ilibidi amvushe bahari kwa siri. Vijana walifika na majina ya kubuni, wakasoma hadi wakapewa upadri, kisha wakarudi kwao wamevaa kama wafanyabiashara wa vitambaa, kwani padri aliyekamatwa kule alinyongwa. Nguo ziliwakaa vizuri tu. Balaa lilikuwa mkono wa kulia. Baada ya miaka yote ile ya ishara ya msalaba kabla ya kula, mkono ukiona mkate unapanda wenyewe hadi kwenye paji la uso. Maofisa wa bandari ya Dover, upande wa Uingereza, walilijua hilo. Wanakukaribisha mezani kwa ukarimu, halafu wanakutazama.

Kwa hiyo kila aliyekaribia kuondoka alikula jikoni kwa Isabel, mbele ya mwiko wake.

Cuthbert Rigmaiden alikuwa mgumu kuliko wote, na ndiye aliyemnyima Isabel usingizi, maana alikuwa mtoto wa marehemu dada yake.

"Kula."

Mkono ukapanda. Paa!

"Mama mdogo, unaniua!"

"Bora mimi kuliko mfalme. Sali moyoni, Mungu si kiziwi."

"Nikila hivihivi najiona kama ng'ombe."

"Ng'ombe hashukiwi upadri, mwanangu. Kula!"

Jacquemine, muuza samaki aliyekuwa akishusha kapu la mikunga, akacheka. "Utamvunja vidole huyo."

"Vidole vinaungwa. Shingo je?"

Cuthbert aliondoka mkono umevimba. Majuma yakapita bila habari zake. Kila Isabel alipokwenda sokoni, Jacquemine alimchokoza: "Vipi, mwalimu wa kutonyongwa, mwanafunzi kafaulu?" Isabel, mwanamke ambaye hata askofu hakuwahi kumfunga mdomo, alinunua samaki wake akaondoka.

Hatimaye akaja nahodha mmoja aliyemvusha Cuthbert. Alimkuta Isabel palepale sokoni.

"Walituweka mezani Dover," alisema. "Mkate ukaja. Maofisa wote macho kwa kijana wako."

"Sema, baba, usinitese!"

"Mkono ukaenda kwenye mkate moja kwa moja. Akatafuna, akatema, akauliza mwokaji wao ni fundi viatu? Maofisa wakacheka hadi wakampigia muhuri wa kupita."

"Kala kama mpagani?"

"Kama mpagani kabisa, mama."

Isabel akageukia soko zima, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. "Mmesikia? Mtoto wa dada yangu, padri, kala kama mpagani! Jacquemine, funga meza yako, leo unakula kwangu!"

Kisha akaenda kwa wauza kuku, akachagua bata bukini mnono kuliko wote, na kwa mara ya kwanza maishani hakuomba kupunguziwa. Bei ilikuwa patadi kumi na tano, sarafu za pale mjini, na alizihesabu zote.